Kabla Hujala

Nilianza kufundisha Kiswahili Kampala kwa sababu moja tu: nilikuwa Mkenya. Duka la mashuka nililokuwa nikiuza katikati ya mji lilikuwa limefungwa. Mwenye duka, ambaye naye alikuwa mtu wa kwetu Kitale, alirudi nyumbani na mzigo wake, nami nikabaki na chumba cha kupanga na miguu iliyozoea kusimama kutwa. Jirani mmoja wa kanisani akaniambia kuna shule ya msingi kule Luzira inatafuta mwalimu wa Kiswahili. Somo lilikuwa limeingizwa kwenye ratiba na walimu waliokuwepo walikuwa wakilirushiana kama kiazi cha moto. Nilikwenda na vyeti vyangu ndani ya bahasha. Mwalimu mkuu hakuifungua.

"Wewe ni Mkenya?" aliniuliza.

"Ndiyo."

"Basi Jumatatu uje."

Nilikuwa nimezungumza Kiswahili tangu utotoni bila kukifikiria, kama mtu anavyopanda ngazi za nyumbani kwake gizani. Siku nilipolazimika kukieleza kwa watoto wa darasa la nne ndipo nilipoanza kujikwaa. Wiki ya kwanza nilipewa mada ya maneno ya mfuatano: kwanza, pili, kisha, halafu, baadaye, mwishowe, kabla, baada. Niliona ni kazi ya siku mbili. Niliandika ubaoni, "Kwanza ninaamka. Kisha ninanawa uso. Halafu ninavaa sare. Mwishowe ninakwenda shule." Watoto wakasoma kwa sauti moja, wakisema "piri" badala ya "pili" kama lugha yao ya Kiganda inavyowavuta, na mimi nikaona mambo yanakwenda. Ndipo mtoto mmoja wa mbele akanyanyua mkono.

"Mwalimu, kati ya kisha na halafu, nani anakuwa wa kwanza?"

Nilisimama na chaki mkononi. Nilimwambia nitamjibu kesho.

Aliyenisaidia ni mzee mmoja mwenye duka karibu na steji ya bodaboda, mita chache kutoka lango la shule. Alikuwa wa zile familia za Kiislamu ambazo mababu zao walifika huku zamani wakitoka pwani na biashara zao, wakaoa, wakabaki. Yeye alizaliwa papa hapa Kampala na pwani alifika mara moja tu maishani, lakini Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kuliko changu. Asubuhi aliuza unga, maharage, sabuni na madaftari. Alasiri alifundisha watoto Kurani katika chumba cha nyuma. Kila mtu alimwita Maalim, nami nikamwita hivyo hivyo.

"Kisha na halafu hazina ugomvi," aliniambia nilipompelekea swali la yule mtoto. "Tumia yoyote, mradi jambo la nyuma libaki nyuma. Mimi wangu nawafundisha kwa udhu. Unaosha viganja, kisha unasukutua, kisha pua, halafu uso, halafu mikono mpaka kwenye viwiko, unapaka maji kichwani, mwisho miguu. Ukianza na miguu, umelowa tu. Mtoto akishika hilo, ameshika na maneno yenyewe."

"Wangu wengi ni Wakristo, Maalim."

"Nao si wananawa?"

Hivyo ndivyo nilivyoanza kufundisha maneno ya mfuatano kwa beseni la maji. Na kwa muda mambo yalikwenda vizuri.

Lazima niseme jinsi nilivyokuwa nimechoka wakati ule, si kwa kujitetea bali kwa sababu bila hilo yaliyofuata hayaeleweki. Shule ya pili, ya Ggaba, ilikuwa imesikia kwamba kuna Mkenya anafundisha, ikaniomba vipindi vya alasiri. Nilikubali. Ukisimama nyuma ya vyoo vya shule yetu Luzira unaiona ghuba ya ziwa, na ng'ambo yake unaona upande wa Ggaba, karibu kabisa, kana kwamba ungeweza kumwita mtu. Lakini kwa barabara inabidi uizunguke ghuba yote: Bugolobi, Namuwongo, Muyenga, Kansanga, Bunga, vumbi au tope kutegemea siku. Nilifika huko sauti imeshakatika nusu. Nikirudi kwangu nilikuwa na madaftari ya shule mbili ya kusahihisha, na darasa moja tu la Luzira lilikuwa na watoto wanne kwa kila dawati la watu watatu. Asubuhi nilipoingia darasani, nusu ya akili yangu ilikuwa tayari juu ya pikipiki. Niliwasikiliza watoto kama mtu anayesikiliza redio ya jirani: nikinasa makosa, nikiacha mengine yapite.

Tulipofika kwenye "kabla" ndipo palipokuwa na kazi. Niliandika ubaoni: "Kabla hujala, nawa mikono." Nikawaambia waigize. Darasa zima likaanza kutafuna hewa, halafu likanawa mikono hewani. Nikawaambia hapana, kunawa ndiko kunakotangulia. Wakanitazama. Kwao neno lililotajwa mwanzo ndilo tendo la mwanzo, na mimi nilikuwa nimetaja kula mwanzo. Nikajaribu tena, "Nawa mikono kabla hujala." Hapo wakapatia, lakini nilijua wamepatia kwa bahati.

Na kulikuwa na tatizo jingine, lile "hujala" lenyewe. Yule wa mbele, mwenye maswali, akataka kujua kwa nini ninasema mtu hajala wakati ninamwambia anakwenda kula. Nikaeleza kwamba "-ja-" ni jambo ambalo halijatokea lakini linatazamiwa. Nikaeleza mara mbili, mara tatu. Niliona macho yao yanaanza kwenda dirishani.

Ndipo msichana wa dawati la tatu, upande wa dirisha, akanyanyua mkono. Alikuwa na miaka tisa au kumi, mwembamba, sare yake imefuliwa mpaka rangi imepauka, na kola imeshonwa kwa uzi wa rangi nyingine. Hakuwa mtoto wa kusema sana.

"Mwalimu, mimi bado kula," alisema.

Nakumbuka furaha niliyoipata. Mtu mmoja ameelewa! Nikamwambia asimame.

"Vizuri sana. Lakini hatusemi 'mimi bado kula'. Tunasema 'mimi sijala'. Sema."

"Mimi sijala."

"Kwa sauti, wenzako wasikie."

"Mimi sijala."

"Tena."

"Mimi sijala."

"Mpigieni makofi."

Wakampigia makofi yale ya mpangilio, mawili, matatu, na moja la mwisho. Aliketi akitazama mikono yake. Nilidhani ni haya.

Kuanzia siku hiyo akawa mtoto wangu wa mfano. Kila kipindi kilipoanza niliuliza, "Nani ananipa sentensi yenye -ja-?" Wengine wakinyamaza nilimgeukia yeye, naye alisimama na kusema, "Mimi sijala." Mara nyingine nilimwomba aongeze, akasema, "Mimi sijala tangu jana." Nilimsifu kwa ile "tangu", maana sikuwa nimeifundisha. Niliandika hata katika daftari langu la maandalizi kwamba darasa limeanza kuunda sentensi zenyewe. Jambo hili liliendelea kwa zaidi ya wiki mbili. Naandika hivi na uso wangu unawaka.

Siku moja nilikuwa nimeketi kwenye benchi la Maalim nikisubiri mwendesha boda wangu. Jua lilikuwa kali, Maalim alikuwa amerudi kutoka sala ya adhuhuri, na mimi nilitaka kumfurahisha kwa habari njema mara moja, badala ya malalamiko yangu ya kila siku. Nikamsimulia habari za mwanafunzi wangu hodari. Nikaiga hata sauti yake: Mimi sijala. Mimi sijala tangu jana.

Maalim hakucheka. Alikuwa akipima maharage, akaliacha kopo la kupimia juu ya gunia.

"Na alikuwa amekula?" aliuliza.

Niligeuka kutazama barabarani kama boda yangu inakuja.

"Nakuuliza, binti yangu. Alikuwa amekula?"

"Sijui, Maalim. Sikumuuliza."

Boda ilifika. Nilipanda nikaenda Ggaba kufundisha, kwa kuwa sikujua la kufanya jingine, na siku ile sikumbuki hata neno moja nililowaambia watoto wa huko.

Asubuhi iliyofuata niliwahi. Nilimngoja langoni, na alipofika nilimchukua kando, kwenye kivuli cha tangi la maji. Kiganda changu ni kibovu, lakini kuna maswali ambayo mtu huyajua katika kila lugha anayoishi nayo.

"Olidde?" nilimuuliza. Umekula?

Alinitazama kama mtu anayetafuta jibu ambalo mwalimu analitaka. Kisha akasema, kwa Kiswahili safi nilichomfundisha mwenyewe:

"Mimi sijala."

"Si sentensi, mama. Nakuuliza kweli."

"Kweli," alisema.

Nikamwomba anieleze asubuhi yao nyumbani inavyokwenda. Sikumwomba atumie maneno ya somo, lakini nadhani alifikiri ndiyo mtihani wenyewe, kwa sababu aliyapanga moja baada ya jingine, akihesabu kwa vidole.

"Kwanza, mtoto anakula. Kisha kaka yangu mdogo anakula. Halafu jaja anakula, kwa sababu dawa yake ni baada ya chakula. Mwishowe, mimi."

Jaja ni bibi yake. Niliuliza, "Na wewe unakula nini?"

"Ya sufuria. Ukoko."

"Kila siku?"

"Kama upo."

Mama yake, aliniambia, alikwenda Uarabuni kufanya kazi za ndani, na zamani alikuwa akipiga simu kila Jumapili. Siku hizi hapigi. Yule mtoto anayekula wa kwanza alikuwa wa mama huyohuyo, alimwacha hajaanza kutembea.

Nilimtuma mtu steji aniletee chapati mbili na maziwa. Msichana alikula moja akiwa amenipa mgongo. Ya pili aliikunja akaitia mfukoni mwa sare, na mafuta yakaanza kutokeza kwenye kitambaa. Kengele ililia tukaingia darasani, na siku hiyo sikuuliza mtu yeyote sentensi yenye "-ja-".

Ningeweza kuishia hapo, kumletea chapati kimyakimya. Mara nyingi nimefikiri kwamba ningefanya hivyo tu, mambo yangekuwa mepesi zaidi kwake. Lakini nilikuwa na ile haraka ya mtu mwenye hatia, anayetaka kulimaliza jambo lote siku moja. Ijumaa niliwapigia simu shule ya Ggaba nikasema naumwa, nikamfuata msichana yule mpaka kwao.

Walikuwa wakiishi kwenye chumba kimoja chini ya mteremko, upande wa reli ya Port Bell. Jaja alikuwa ameketi mkekani karibu na mlango, miguu imevimba, ameinyoosha mbele yake. Alikuwa mwanamke mkubwa wa umbo, na ingawa ugonjwa ulikuwa umemkalia, sauti yake bado ilikuwa ya mtu aliyezoea kusikilizwa. Alipojua mimi ni mwalimu wa Kiswahili alifurahi. Mumewe marehemu alikuwa askari, na Kiswahili chake yeye alikiokota kambini.

"Kalibu, mwalimu, kalibu. Keti hapa. Mimi najua Kiswahili ya barracks. Hii mtoto, iko nasoma vizuri?"

"Anasoma vizuri sana, jaja."

"Kitu gani naleta wewe nyumbani, basi?"

Nilikuwa nimeyapanga maneno yangu njiani. Nilianza kwa kusema shule inawajali watoto, kwamba mtoto akija bila chakula hawezi kusikiliza. Sikumaliza. Uso wake ulibadilika.

"Nani nakwambia sisi hapana kula?"

"Hakuna aliyeniambia, jaja. Ni darasani tu, tulikuwa tunajifunza..."

"Mtoto naenda sema kwa watu ati nyumba yangu hapana chakula?"

"Hakusema. Alijibu swali langu. Kosa ni langu."

Alimgeukia mjukuu wake. Hakumpiga, wala hakumfokea. Alimtazama tu, kwa muda mrefu, na msichana akatazama sakafu. Halafu jaja akamwamuru awashe jiko.

Niliomba wasisumbuke. Nilisema nina safari, nilisema nimetoka kula. Yote hayo niliyasema nikijua hayatanisaidia, maana hata kwetu Kitale mgeni haondoki hivi hivi. Msichana alichemsha chai kavu bila sukari, akatoa kwenye kapu kiazi kitamu kimoja kilichokuwa kimepikwa asubuhi, akakikata, akaniwekea chote kwenye sahani ya bati. Akapiga magoti mbele yangu, kama wasichana wa huku wanavyofundishwa kuwahudumia wakubwa, akanipa kwa mikono miwili.

Nilikula. Sijawahi kula kitu kigumu kama kile. Mtoto mdogo alikuwa amesimama ameshika ukuta, akifuata mkono wangu kutoka kwenye sahani hadi mdomoni. Kaka mdogo alijifanya anachezea kizibo cha chupa. Msichana alisimama nyuma ya jiko. Nilikula vipande viwili, nikanywa chai, nikasema nimeshiba, asante sana. Sahani ikaenda kwa mtoto, halafu kwa kaka. Ilipofika kwa msichana haikuwa na kitu, naye akaipeleka nje kuiosha.

"Sasa umeona," jaja aliniambia. "Hapa watu nakula."

"Nimeona, jaja," nilisema. "Asante."

Nilipanda ule mteremko nikisimama kila hatua kumi. Nilipofika dukani kwa Maalim nilikaa kwenye benchi na kulia waziwazi, mtu mzima, na wateja wanapita. Maalim aliwauzia walichotaka, akaniacha nimalize. Halafu akanipa maji.

"Ulikwenda na mikono mitupu?" aliuliza.

"Nilikwenda na maneno."

"Mm," alisema. "Niachie mimi hilo la nyumbani. Wewe shughulika na la shule."

Nilijua yule bibi asingepokea kitu kutoka kwa mtu. Lakini Maalim alikwenda mwenyewe Jumapili, baada ya sala ya alasiri, akaketi mlangoni kwao. Baadaye aliniambia hawakuzungumza habari za chakula hata kidogo. Walizungumza habari za kambini, za majirani wa zamani waliokufa na waliohama, za bei ya mkaa. Alipoondoka aliacha mfuko wa unga na maharage nyuma ya mlango, bila kuutaja, na Jumapili iliyofuata akarudi na mfuko mwingine. Jaja alianza kumngoja.

La shule lilikuwa gumu zaidi. Msichana hakuja Jumatatu. Hakuja Jumanne, wala Jumatano, wala Alhamisi. Nilimwomba mpishi wetu, mwanamke mwema lakini aliyechoka kama mimi, ampe kikombe cha uji kila mapumziko ya saa nne atakaporudi. Alikuwa anakoroga sufuria kwa mwiko mrefu, moshi umemjaa machoni.

"Mwalimu, nikimpa huyo mmoja, kesho watakuja kumi."

"Najua."

"Hujui. Mimi nawaona wanavyosimama hapa."

Mwishowe tulikubaliana kwamba nitampa uji wangu. Walimu walikuwa wakipewa kikombe cha uji na kitumbua. Nikaviacha kwa mpishi, naye akamtengea msichana nafasi kwenye kijistoo kilicho kando ya jiko, apate kula bila kutazamwa.

Aliporudi Ijumaa alikwenda moja kwa moja dawati la nyuma kabisa. Mahali pake karibu na dirisha pakachukuliwa na mwingine. Nilipomuita wakati wa mapumziko alikuja, akaingia kwenye kile kijistoo, akanywa uji. Kitumbua alikitia mfukoni. Wiki iliyofuata ikawa hivyo kila siku. Kimwili alianza kubadilika, hilo nililiona mwenyewe. Mashavu yalijaa kidogo, na asubuhi hakuwa tena akilaza kichwa mezani. Lakini hakunyanyua mkono tena katika somo langu. Nilipomuuliza kitu alisimama, akajibu kwa neno moja, akaketi. Nilijaribu kumrudisha kwa utani, kwa sifa, kwa kumpa kazi ya kufuta ubao. Alifuta ubao vizuri sana na kurudi nyuma.

Katika mtihani wa mwisho wa muhula niliweka swali la kutunga sentensi tano kwa maneno ya mfuatano. Niliisahihisha karatasi yake mezani kwangu kabla ya nyingine zote. Aliandika kwamba kwanza mawingu yanakuja, kisha mvua inanyesha. Aliandika kwamba korongo huruka baada ya kusikia gari. Aliandika kwamba mwalimu huingia kabla kengele haijalia. Zote zilikuwa sahihi, hata ile "haijalia", umbo ambalo wenzake wengi walilikosea. Hakuna hata moja iliyokuwa na mtu anayekula, wala nyumba, wala yeye mwenyewe. Nilimpa alama zake zote, nikachukua karatasi iliyofuata.

Niliwahi kumwambia samahani. Ilikuwa kwenye kijistoo kile, nilipoingia kuchukua sabuni nikamkuta. Nilimwambia, "Nilikusikia vibaya. Ulikuwa unaniambia kitu, nikakusahihisha." Alifikiri kidogo, akanijibu kwa upole, kama mtu anayemliwaza mdogo wake:

"Mwalimu, nilikuwa nakosea kweli. Nilisema 'bado kula'."

Nilichukua sabuni nikatoka.

Muhula wa tatu mama yake alirudi. Alikuja shuleni mwenyewe kuomba barua ya uhamisho, mwanamke mdogo kuliko nilivyomfikiria, amekonda, mkono wa kushoto haukunjiki vizuri. Hakueleza yaliyompata huko na sikumuuliza. Alisema anawachukua wote, na mama yake pia, waende kwa kaka yake karibu na Masaka, ambako kuna shamba. Alinishukuru kwa mikono miwili. Alisema binti yake alimweleza habari zangu.

"Alikueleza nini?" niliuliza.

"Alisema wewe ndiye mwalimu uliyekuja nyumbani ukala chakula chetu."

Msichana alikuwa nje ya mlango wa ofisi, mfuko wa madaftari mgongoni, kaka mdogo ameshika sketi yake. Nilitoka nikamuaga. Nilimwambia akasome kwa bidii, maneno yale ambayo walimu wote husema. Aliniambia, "Asante, mwalimu," akainama kidogo kwa magoti, halafu wote watatu wakashuka ngazi kuelekea steji. Maalim alikuwa amesimama mlangoni mwa duka lake akiwangoja na mfuko mwingine wa safari.

Shule ya Ggaba niliiacha mwisho wa mwaka ule. Siku hizi nafundisha Luzira peke yake, napata kidogo, na jioni nalala mapema. Bado nafundisha mada ile ile kwa darasa la nne, na bado inanichosha, kwa sababu watoto ni wengi na "kabla" haijawahi kuwa neno jepesi. Lakini siandiki tena ubaoni sentensi ya kula. Naandika ya kufunga viatu: kabla hujatoka, funga kamba. Mtoto akisema jambo kuhusu nafsi yake, kwanza namuuliza kama ni kweli, kisha ndipo namsahihisha. Inachukua muda, na mwalimu mkuu ameniambia mara mbili kwamba niko nyuma ya ratiba. Wengine nawasikia. Wapo ambao nina hakika bado wananipita, hasa asubuhi za Ijumaa, nikiwa nimechoka na wao wakiwa wote wanasema kwa pamoja.